SKELL: ya bure, na imenitoa kwa Kingereza cha Kifaransa

Mi ni mutafsiri hapa Bukavu, mara mingi minatoa raporo kwa Kifaransa kupeleka kwa Kingereza, na SKELL, site ya internet yenye kuonyesha vile neno ya Kingereza inatumikaka ndani ya fraze, njo minafunguaka kila asubuhi mbele ya dikisionere.

Ilianza na mvua. Raporo ilikuwa ya nyumba zenye kuporomoka Kadutu, Kifaransa kilisema fortes pluies, nikaandika strong rain, mwenye kazi akarudisha na alama nyekundu. Dikisionere ilikuwa inasema forte ni strong, sasa kosa iko wapi? Nikaandika rain ndani ya SKELL, nikafinya pa word sketch, ikanipangia maneno yenye kutembeaka na rain: heavy, torrential. Strong niliikuta kwa wind. Kumbe mvua ni heavy, upepo ni strong, chai strong, lakini motokari zikijaa barabarani ni heavy traffic. Ata sisi tunasemaka mvua kubwa, upepo mukali, na hakuna mwalimu alitukalisha chini kutufundisha hiyo, tuliisikia tu nyumbani. Kwa Kingereza sina hayo masikio, njo maana nahitaji kuona fraze nyingi pamoja, na hapa unapata mpaka 40 kwa neno moja, zenye batu waliandika kweli.

Kitu ingine nilipenda: cause. Nilikuwa naiweka popote, ata "cause joy", lakini nikisoma jirani zake ni damage, problems, death. Tangu siku ile kwa mambo mazuri minatafuta bring.

SKELL inatoka kwa batu ba Sketch Engine, chombo ya kuchunguza maneno ndani ya maandishi mengi, ile Adam Kilgarriff alianzisha 2003. Haiombi kujiandikisha na kwa telefone inakula mega kidogo. COCA, mukusanyo ingine ya maandishi ya Kingereza cha Amerika kwa internet, ni kubwa, maneno kupita miliare moja, na inakuonyesha kama neno ni ya mazungumzo ao ya vitabu vya chuo, lakini kule lazima ufungue konti na kwa sikrini ndogo utateseka.

Mutego ya SKELL iko pa similar words, pale inapanga maneno yenye kukaribiana. Usifikiri yote ni visawe, ata vinyume vinaingiaka mule, juu hot na cold zinatembea na maneno sawasawa. Mwanafunzi akichukua neno pale bila kusoma fraze zake ataandika kinyume ya kile alitaka. Mi nawaambiaka: soma fraze kumi kwanza, kisha uandike.