Mchanga, kokoto au udongo? Cha kuwatandikia samaki wa chini

Mtazame Corydoras, kambare mdogo wa tangini, akila. Anazamisha mdomo mchangani karibu hadi machoni, anabugia, anachambua kinacholika, na punje zilizobaki zinamtoka kwenye matamvua kama chenga zinavyopita kwenye chekeche. Kutwa kazi ni hiyo. Unachokitandaza chini ya tangi kinapita ndani ya kichwa chake, na hicho ndicho kigezo nilichopangia orodha hii. Rangi nimeiacha mwisho kabisa.

1. Mchanga laini wenye punje za mviringo

Huu ndio ninaoununua. Tafuta punje za kati ya nusu milimita na milimita moja. Mchanga unaouzwa kwa ajili ya chujio za mabwawa ya kuogelea mara nyingi huangukia hapo: punje zinakaribiana ukubwa, vumbi si jingi, na unazama haraka. Ule wa watoto kuchezea nao unafaa, ila vumbi lake! Uoshe kidogo kidogo kwenye ndoo, ukikoroga na kumwaga, hadi maji yatoke safi. Ukichoka njiani utalipia kwa tangi lenye rangi ya uji siku mbili tatu.

Kabla ya kulipa, omba konzi moja mkavu, ufikiche kiganjani kwa nguvu. Ukikuchoma, urudishe. Nyumbani, dondoshea siki kidogo. Ukitoa povu, una chokaa, na chokaa hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji) na ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yake. Ndiyo maana mchanga wa matumbawe, hata uwe laini namna gani, siuweki kwa Corydoras wala kwa Pangio, yule anayefanana na mnyoo na kupenda kujifukia; asili yao wengi ni maji laini. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji magumu, huohuo ni chaguo zuri.

Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha. Ukizidisha, tabaka la chini hukosa hewa na huweza kutoa gesi inayonuka mayai viza. Kujua kiasi cha kununua, zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000 upate lita. Tangi la 60 kwa 30 lenye mchanga wa sentimita 4 linataka lita 7.2, ambazo ni kama kilo 11.

2. Kokoto ndogo zilizolainika

Ziwe za milimita 2 au 3, zisizo na kingo. Pleko, kambare mwenye mdomo wa kunyonya ambaye muda mwingi amegandia magogo na vioo, hana ugomvi nazo. Corydoras ataishi juu yake, ila kuchekecha hawezi tena, na chakula kinadumbukia katikati ya mawe asikokifikia. Kikiozea humo una kazi ya kunyonya uchafu kwa mpira kila wiki.

3. Udongo wa mimea

Mimea inaupenda. Aina nyingi hushusha pH, na nyingine hutoa amonia wiki za mwanzo, kwa hiyo samaki wasubiri hadi vipimo vya maji vionyeshe sifuri. Samaki wachimbaji pia huuvunjavunja ukawa tope. Mimi huuweka kwenye vyungu vidogo na kuzungushia mchanga.

4. Kioo kitupu

Kwa karantini, sawa. Kwa makazi ya kudumu, hapana.

Usivyonunua: glasi iliyosagwa, mchanga wa kusugulia chuma, na kokoto za kupakwa rangi zenye ncha.

Hizo za rangi niliwahi kununua, za buluu, kwa sababu zilipendeza dukani. Baada ya miezi michache, Corydoras wangu watatu walibaki na visiki vya sharubu. Nikazilaumu kokoto. Lakini siku ya kuzitoa, chini yake palikuwa na lami ya mabaki ya chakula, nyeusi, inanuka. Ukali wa punje hukwaruza. Bakteria wa kwenye uchafu humalizia. Ndiyo maana hata mwenye mchanga bora hupata samaki wasio na sharubu asiposafisha. Nilipobadilisha na kupunguza chakula, wawili ziliwaota tena. Wa tatu zake zilikuwa zimeliwa hadi shinani.

Mchanga husafishwa kwa kupitisha mdomo wa mpira sentimita moja hivi juu yake. Uchafu unainuka, mchanga unabaki. Na siku ya kuumwaga tangini, zima pampu kwanza, weka sahani chini, umimine juu ya sahani taratibu. Punje zikiingia kwenye pangaboi la pampu inayozunguka zitalisaga. Washa vumbi likishatua.