Tahadhari kwa wanaonunua diski za kompyuta Lubumbashi

Ndugu zangu wa Lubumbashi, ninawatahadharisha juu ya muuzaji mmoja wa hapa mjini anayeuza diski ngumu zilizokwisha kuchoka kwa bei ya diski mpya, zikiwa zimefungwa upya ndani ya mifuko ya plastiki ya rangi ya fedha. Simtaji jina, kwa kuwa mali ya namna hiyo inaweza kukutwa kwenye meza yoyote, na kinachowafaa ninyi ni kuitambua mali yenyewe.

Jirani yetu, mama anayeishi kwa kuwachapia wanafunzi kazi zao za mwisho wa masomo, aliuziwa diski ya terabaiti 1. Baada ya muda mfupi kompyuta ilianza kuganda, Windows ikawa inakagua diski karibu kila inapowashwa, na baadhi ya kazi za wanafunzi zikakataa kufunguka. Muuzaji alimjibu kwamba umeme unaokatikakatika ndio uliomharibia. Ni kweli kwamba umeme ukikatika ghafla unaweza kuvuruga faili, lakini hauwezi kuiongezea diski miaka ya kazi. Tulipoifungua programu ya bure ya CrystalDiskInfo, inayoonyesha hali ya diski, tulikuta diski hiyo “mpya” imekwisha kufanya kazi zaidi ya saa 31,000, na mwaka mzima una saa 8,760 tu. Aidha, mstari wa 05, unaohesabu sehemu mbovu zilizobadilishwa, na mstari wa C5, unaohesabu sehemu zinazoshindwa kusomeka, haikuwa sifuri. Kama kingekuwa kimepanda kiasi cha mstari wa C7 peke yake, unaohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, ningeshuku waya kwanza, na waya hubadilishwa kwa pesa kidogo.

Kwa hiyo msitoe pesa kabla diski haijaunganishwa na kompyuta mbele yenu na namba hizo kusomwa. Tazameni pia matundu ya skrubu na meno ya kuunganishia: mikwaruzo hapo ina maana kwamba diski imewahi kufungwa mahali pengine, hata kama karatasi yake inang’aa.

Hata hivyo, saa chache peke yake hazitoshi kuwaaminisha, maana kihesabio cha saa hizo kinaweza kurudishwa kwenye sifuri. Mwanzoni mwa 2025 iligunduliwa Ujerumani kwamba diski za kampuni ya Seagate zilizotumika zilikuwa zimeuzwa kama mpya kwa njia hiyo, na kilichofichua udanganyifu ni rekodi ya pili ya ndani, iitwayo FARM, ambayo haikuwa imefutwa. Rekodi hiyo husomwa na programu ya smartmontools kuanzia toleo la 7.4, kwa diski za Seagate tu.

Ambaye amekwisha kuuziwa, na diski inagonga au inasoma kwa shida, anakili kwanza faili zake muhimu mahali pengine. Nawasihi sana msikimbilie amri ya Windows ya kukagua diski, chkdsk, yenye /r, kwa sababu huilazimisha diski inayokufa isome uso wake wote, na inaweza kuimaliza kabla hamjaokoa kitu. Kuifomati nako hakuponyi sehemu zilizoharibika.

Dai risiti yenye namba ya utambulisho ya diski (serial number) na muda wa dhamana. Na fundi akikuomba umwachie diski yako ya zamani, kataa: picha za familia na hati zako bado zimo ndani, hata kama kompyuta haiwaki.