Aldi Nord au Aldi Süd, ipi bora?

Hili swali kila anayehamia Ujerumani analiuliza. Zote ni supermarket za bei nafuu, na zimetoka kwenye ukoo mmoja, Albrecht, mama alikuwa na kiduka pale Essen, wanawe Karl na Theo wakakikuza halafu mwanzoni mwa miaka ya 60 wakagawana, na inasemekana ugomvi ulikuwa sigara, huyu anataka ziuzwe yule hataki.

Bei? Hamna tofauti ya maana jamani, maziwa, unga, mafuta ni yale yale tu. Kwa muonekano Süd naipa mimi, maduka yake mengi yana mwanga na nafasi. Kote toroli linataka sarafu, na keshia anaskani fasta balaa, we tupia vitu kwenye toroli ukapange pembeni.

Ila ukiwa Berlin au Hamburg utapata Nord tu, München au Stuttgart ni Süd, so anwani yako ndo inaamua. Wa kuhamahama, Süd ndo ile ya Uingereza na Australia, Austria inaitwa Hofer. Nord utaikuta Uholanzi, Ubelgiji na Hispania.