Miezi minne na The Partridge Family, mi na mama yangu sebuleni

Nimekuwa naangalia na mama DVD za The Partridge Family, komedi ya zamani ya TV ya Marekani, ila naanza na la hela kwanza ili mwenzangu usije ukaingia hasara. Kama uko huku kwetu na kuna mtu anakuletea DVD kutoka Marekani, muulize ni za ukanda gani, yaani zimetengenezwa zisomeke sehemu gani ya dunia, maana za kule ni ukanda 1 na za Tanzania ni ukanda 5, na mi sikuwa najua hilo, nimeweka diski ya kwanza kwenye deki ikazunguka weee mwisho skrini ikaandika haisomeki. Nilikosa raha siku nzima. Kesho yake kijana mmoja fundi hapa Morogoro akaifungua deki kwa kubonyeza namba kwenye rimoti tu, dakika mbili, ikaanza kusoma kila kitu. Deki nyingi za bei rahisi zinafunguka hivyo. Laptopu yangu nayo inasoma, ila mama yangu macho yake sio ya kuangalia kioo kidogo.

Seti alininunulia dada yangu anayeishi Houston, mtumba, sizoni zote nne, akampa mtu aliyekuwa anakuja likizo. Tangazo lilisema diski ziko kama mpya. Sio kweli. Mbili zimekwaruzika vibaya, moja ya sizoni ya pili ikifika katikati picha inakatika vipande vya mraba na sauti inaganda, na muuzaji kaandikiwa mara tatu hajajibu hata neno. Hiyo iliniuma kwa sababu nilikuwa nawangoja hawa watu kwa hamu.

Sasa kipindi chenyewe. The Partridge Family ni komedi ya TV ya Marekani, ilianza Septemba 1970 kwenye stesheni ya ABC, Ijumaa usiku, ikaisha Machi 1974, jumla epsodi 96 za kama nusu saa nusu saa. Mama mjane, Shirley Partridge, anafanya kazi benki, ana watoto watano, wanaishi mji unaitwa San Pueblo huko California (mji wa kutungwa huo, usiutafute kwenye ramani). Watoto wana bendi yao gereji, siku hiyo wanamwomba mama awasaidie kuimba wimbo mmoja warekodi, anaimba, na wimbo unashika. Basi wananunua basi la shule kuukuu, Chevrolet ya 1957, wanalipaka maboksi ya rangi nyekundu, njano na bluu yenye mistari myeusi kama michoro ya yule mchoraji Mholanzi Mondrian, wanaingia barabarani. Nyuma ya basi wameandika onyo kwamba dereva ni mama mwenye wasiwasi. Mama yangu nilipomtafsiria hilo akasema hawa nao wanaandika nyuma ya gari kama daladala zetu, na kuanzia hapo akakubali kukaa.

Partridge maana yake kwale, na mwanzoni kabisa kuna kikatuni yai linapasuka anatoka kwale na vifaranga vinafuata nyuma kwa mstari. Wanangu walikuwa wanakimbia kutoka jikoni ili wasikose hicho tu.

Nieleze kwa nini nilikitaka hiki kipindi. Sisi tumezaliwa wanne, baba alifariki nikiwa kidato cha kwanza, mama alikuwa mwalimu wa kwaya usharikani na sisi wote tulikuwa ndani ya hiyo kwaya, kaka kinanda, dada zangu sauti ya kwanza, mi gita la besi. Tulizunguka na Costa ya kukodi, Kilosa, Ifakara, Dodoma, spika zimefungwa juu ya kerea kwa kamba za katani, mama amekaa kiti cha mbele anahesabu watu kila tukisimama. Kwa hiyo mtu aliponiambia kuna komedi ya zamani ya mama mjane na watoto wake wana bendi na wanazunguka na basi, mi nilijua lazima nikione na lazima nikione na yeye.

Kuna kitu kinasemwa sana kuhusu hii komedi, kwamba ni uongo kwa sababu watoto hawapigi. Ni kweli hawapigi na haikuwa siri. Kwenye rekodi wanaosikika katika ile familia ni wawili tu, Shirley Jones aliyecheza mama na David Cassidy aliyecheza Keith yule mkubwa. Sauti nyingine za nyuma ni waimbaji wa kulipwa, kina John na Tom Bahler, Jackie Ward na Ron Hicklin, vyombo wamepiga mafundi wa studio za Los Angeles, Hal Blaine kwenye drams, Larry Knechtel kwenye kinanda, na besi Joe Osborn. Prodyuza ni Wes Farrell. Waigizaji wanafanya pleibeki.

Mi kama mpiga besi nimekaa nimeangalia vidole vya Danny, huyo ndo mtoto wa kati, kama miaka kumi hivi, nywele nyekundu, uso madoadoa, amebeba besi karibu inamzidi. Kwenye sizoni ya kwanza mkono wake wa kushoto umeshika shingo ya gita sehemu moja tu na hautembei, huku masikioni unasikia besi inapanda na kushuka, inajibu sauti, inaingia kwenye kiitikio kwa noti za kutembea safi kabisa. Nilirudisha nyuma zaidi ya mara tano. Sikufanya hivyo kumsema mtoto wa watu, nilitaka kumsikia Osborn. Anapiga kwa piki, kile kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi, kila noti ina mwanzo na mwisho, haijazi nafasi isiyo yake. Nilichukua besi yangu nikafuata, na wiki nzima nimejifunza kitu ambacho miaka ishirini ya kwaya sikukishika, kunyamaza kwenye nusu ya pili ya baa, yaani kipimo kimoja cha mapigo, ili muimbaji apite. Kwa hiyo ukisema muziki wa humu ni feki mi nakataa kabisa, aliyeshika gita kwenye picha ni mtoto anaigiza lakini aliyepiga ni mmoja wa wapigaji besi wazuri wa zama zile, na vyote viwili ni kazi ya kweli.

Wimbo uliowatoa ni "I Think I Love You", umetungwa na Tony Romeo, ulikaa namba moja Marekani wiki tatu mwishoni mwa 1970. Usikilize vizuri. Beti linaanza kwa maina, ile sauti ya huzuni, na kinanda kile cha zamani cha nyuzi za kukwanyuliwa kinachosikika kama cha makanisa ya Ulaya, kijana ameamka usingizini ana hofu, halafu kiitikio kinafunguka meja, ile ya furaha, ghafla. Watu wanausema wimbo wa watoto, lakini aliyepanga ule mgeuko alijua anachofanya.

Wazo lote lilitokana na familia ya kweli, The Cowsills, ndugu wa Newport, Rhode Island walioimba na mama yao Barbara na wakavuma mwishoni mwa miaka ya 60. Kilichonigusa zaidi ni kwamba Shirley Jones na David Cassidy walikuwa mama na mtoto kweli, mama wa kambo, maana aliolewa na baba yake David, muigizaji Jack Cassidy, mwaka 1956. Na mwanzoni haikupangwa David aimbe, nafasi ilikuja baadaye waliposikia sauti yake. Shirley alikuwa tayari mtu mkubwa, ana tuzo ya Oscar kwa filamu ya mwaka 1960. Ukishajua hilo ukaangalia zile sehemu wako wawili tu jikoni, Keith amekasirika na mama anakunja nguo huku anamsikiliza, unaona jinsi mama anavyomwacha amalize kwanza. Mama wa kambo anajua kungoja. Sijui kama ni maigizo ama ni maisha yao, ila mimi na mama tulitazamana.

Mama yangu hajui Kiingereza kwa hiyo nilikuwa namtafsiria epsodi nzima, kazi kweli hiyo, vicheko vya kurekodi vinalia kabla sijamaliza sentensi. Baada ya epsodi kama kumi akaniuliza, "Baba, huyu mama analala saa ngapi?" Nikamwambia sijui mama. Akasema anafanya kazi, anapika, anaimba usiku, anaendesha basi, na nyumba iko safi, na siku zote nywele zimelala, huyu mtu anasaidiwa na nani? Nikaona hapo ndo penye udhaifu mkubwa wa hii komedi. Mume amefariki juzi tu kwenye hadithi na hakuna anayemlilia. Mara chache sana anatajwa. Bili hazimtishi mtu kwa muda mrefu, basi likiharibika linapona kabla ya tangazo. Mama yangu anasema sisi baba yenu alipoondoka nilikuwa nalia chooni bomba limefunguliwa ili msisikie. Hakuwahi kuniambia hilo kabla. Nilizima TV jioni ile tukakaa.

Yule meneja wao Reuben Kincaid, ameigiza Dave Madden, ni mtu asiyependa watoto na amejikuta amezungukwa nao. Yeye na Danny ndo utamu wa kipindi. Danny anajali hela kuliko wote, anajadili mkataba kama mzee wa Kariakoo, na epsodi ya kwanza anamfuata Reuben hadi chooni anamsukumia rekoda chini ya mlango iwe inapiga wimbo wao. Hapo mwanangu wa miaka saba alianguka kwenye mkeka. Laurie, dada yao (Susan Dey), ana hoja za haki za wanawake na maandamano, na kwa 1970 nimeona ni jambo kubwa binti wa umri ule kumkatalia kaka yake mezani na mama asimnyamazishe. Wadogo wawili wa mwisho wameachwa tu, Tracy anatikisa tari, Chris anapiga drams, maneno mawili kwa wiki. Halafu sizoni ya pili Chris anakuwa mtoto mwingine kabisa, aliyeanza alikuwa Jeremy Gelbwaks akaja Brian Forster, na hakuna anayeeleza chochote. Binti yangu aliuliza, "Bibi, yule mwingine amekufa?" Wangeweka hata sentensi moja jamani.

Epsodi ya kutafuta kama una muda wa moja tu ni ile ya Detroit, ilitoka Januari 1971. Kampuni ya kupanga maonyesho imechanganya, kundi la The Temptations, waimbaji weusi maarufu, limepelekwa Tucson na hii familia ya weupe imeletwa kwenye klabu ya weusi, wenye klabu ni ndugu wawili, wameigizwa na Richard Pryor na Louis Gossett Jr. kabla hawajawa wakubwa vile, na wanadaiwa na mkopeshaji anayetaka kuwanyang'anya. Wanaamua kufanya sherehe ya mtaa mzima kuchangisha. Keith anatunga wimbo anaosema una ladha ya Kiafrika. Mi masikio yangu ya huku hayakuisikia hiyo Afrika, ila nimewapenda kwa kujaribu, na Pryor na Gossett wanaigiza kwa uzito, sio vikaragosi. Kwa Ijumaa usiku ya 1971, nyumba zina watoto wamekaa mbele ya TV, nimeona ni ujasiri.

Sizoni ya tatu inachoka, hadithi zinajirudia, ya nne wameleta mtoto wa jirani anayeimba kila wiki na mi nilikuwa naruka hizo sehemu. Kipindi kilihamishiwa Jumamosi kikakutana uso kwa uso na All in the Family, komedi nyingine iliyokuwa inaongoza, kikaisha. David alikuwa amechoka pia, wasichana walikuwa wanamfuata kila nchi, na miezi miwili baada ya epsodi ya mwisho, kwenye onyesho lake London Mei 1974, watu walikanyagana na binti wa miaka 14 akapoteza maisha. David mwenyewe alifariki Novemba 2017 akiwa na miaka 67. Ukiyajua hayo unamuangalia yule kijana anacheka kwenye basi kwa jicho lingine.

Kwa hiyo nunua? Sizoni ya kwanza na ya pili ndiyo, bila kufikiria, na uangalie na mtu mzima wako. Diski uzikague kabla hujalipa. Kuna sehemu ya epsodi ya kwanza wako kwenye hoteli ya Caesars Palace, Las Vegas, wameganda kwa woga mbele ya watu, mama anawaambia wafumbe macho wajifikirie wako gereji nyumbani, na wanaanza kupiga. Mama yangu aliniambia rudisha. Nikarudisha. Akasema, "Ifakara nilikuambia hivyo hivyo, umesahau?" Nilikuwa nimesahau. Sasa tumebakiza epsodi sita, tunaangalia Jumapili tukitoka ibada, na ile diski inayokwama tumekubaliana namhadithia mwenyewe kilichopotea katikati.