Dorico na lebo za kubadili ala kwa wapigaji wa ala za kupuliza

Mpigaji wa fluti anayetakiwa kuchukua pikolo (fluti ndogo yenye sauti ya juu) katikati ya wimbo anahitaji kuambiwa mara mbili: kwanza pale anapomaliza nota ya mwisho ya fluti, ili apate nafasi ya kuiandaa pikolo na kuipasha joto kwa pumzi, kisha pale pikolo inapoingia, ili awe na hakika kwamba ameshika ala inayotakiwa. Nakala iliyopangwa ovyo humpa taarifa ya pili peke yake, baada ya baa ishirini (vipimo vya mapigo katika nota) za mapumziko ambazo angeweza kuzitumia.

Katika jambo hilo Dorico, programu ya kuandika nota ambayo Steinberg waliitoa mwaka 2016, inastahili sifa. Mtunzi humkabidhi mpigaji mmoja ala zake zote na kuandika muziki wa kila ala mahali pake. Ukurasa unapopangwa, programu huuunganisha muziki huo kuwa sehemu moja, ikaweka onyo mara ala ya kwanza inapomaliza na jina la ala mpya inapoanza. Baa zikiongezwa au kufutwa, lebo husogea zenyewe. Sibelius, programu nyingine ya kuandika nota, nayo huweza kutoa onyo la mapema, ila badiliko lenyewe ni lazima uliingize kwa mkono.

Wenye klarineti, wanaobadilisha kati ya ala ya B flati na ya A, ambazo kila moja huandikiwa nota zake tofauti na sauti inayosikika, ndio watakaofurahi zaidi. Muziki unaosikika katika D meja huandikwa kwa shapu 4 (alama za kupandisha nota) kwa klarineti ya B flati, lakini kwa flati 1 tu (alama ya kushusha nota) kwa klarineti ya A, na Dorico huzibadilisha alama hizo bila kuagizwa.

Isichokijua ni mikono ya mpigaji. Ukimpa baa mbili za mwendo wa kasi aweke chini saksafoni ya baritoni na kuinua fluti, programu itaandika onyo lake kwa utulivu uleule, kwa hiyo hesabu ya muda inabaki kuwa kazi ya anayeupanga muziki. Kiswahili hakimo katika lugha zake. Hata hivyo, neno linalotangulia jina la ala hubadilishwa kwenye mipangilio, hivyo “Chukua pikolo” inawezekana, ingawa majina ya ala utayaandika upya moja moja. Toleo la bure lina kikomo cha idadi ya wapigaji: linawafaa kundi dogo la klarineti, lakini bendi kamili italazimika kununua.