Handibreki ya kujitengenezea kwa gemu za magari, uzoefu wangu baada ya miezi minne

Jamani mi nilikuwa nacheza DiRT Rally 2.0 na usukani na pedali tu, handibreki nimeiweka kwenye kitufe, na kitufe hakina kidogo wala nusu, ukibonyeza tu gari linageuka lote kama limesahau kitu nyumbani. Nikasema ngoja nijitengenezee ya kuvuta kwa mkono.

Upande wa umeme ni kazi ya jioni moja, msiuogope. Nilitumia Arduino Leonardo (kibao kidogo cha elektroniki unachokiandikia kodi mwenyewe) maana chipu yake ATmega32U4 inaongea USB yenyewe, kompyuta inaiona kama joistiki moja kwa moja, Arduino Uno, kibao kingine, haikupi hilo mpaka uhangaike nayo (mi nilianza na Uno, usiniulize siku ngapi ziliishia hapo). Potenshometa (kile kifaa cha kuzungusha kama cha sauti ya redio, ndo kinapima fimbo imevutwa kiasi gani) ya kilo-ohm 10, miguu ya pembeni mmoja 5V mwingine graundi, wa katikati A0 (tundu la Arduino la kusomea volteji), basi. Nilipokwama ni kwenye namba. Arduino inasoma 0 hadi 1023 lakini potenshometa inazunguka kama nyuzi 270 na fimbo yangu inasogea kidogo tu, so nilikuwa napata 412 mpaka 590, navuta mpaka mwisho gemu inaona kama nimeigusa kwa kidole. Nikaandika kwenye kodi kwamba 420 ndo sifuri (zile nane nimeziacha ili isijivute yenyewe) na 585 ndo mwisho, ikakubali.

Kazi yenyewe iko kwenye springi. Fimbo ni kipande cha bomba la chuma kwenye bawaba ya mlango, hiyo haina shida. Springi ya kwanza laini mno, unavuta kama unafungua droo. Ya pili ngumu, na nilikuwa nimefunga klampu moja tu, nikavuta kwenye kona kali ikaja fimbo, ukaja ubao wake, ikaja na glasi ya maji juu ya kibodi. Klampu sasa hivi ni mbili. Nilichokuja kukubali ni springi laini mwanzoni halafu mpira wa tyubu ya baiskeli uliokunjwa mara mbili, fimbo inaukuta ikifika kama theluthi mbili, hapo unasikia kabisa inakaza na mkono unajua matairi ya nyuma yanakaribia kufunga hata kabla macho hayajaona.

Mwezi wa tatu potenshometa ikaanza kurukaruka, niko barabara imenyooka breki inajivuta, maana ndani kuna kiguso kinachosuguana muda wote na kinachakaa. Nikaweka sensa ya Hall, inayohisi sumaku, na kisumaku, hakuna kinachogusana, na tangu hapo haijarukaruka hata mara moja. Ningeanza nayo hiyo.

Ila gemu yangu moja ya zamani inakubali kifaa kimoja tu, usukani ukichomekwa breki haionekani, hiyo bado naicheza kwa kitufe na bado nageuka geuka vilevile.