Domeini za kununua kwa ajili ya kuuza: kuanzia .co.tz hadi .fish, kwa mtu wa Mwanza

Ukipita Mwaloni Kirumba siku hizi utakuta dagaa wa kukaanga kwenye pakiti safi zenye lebo ya rangi na jina la biashara. Chini kabisa kuna namba ya simu na anwani ya Gmail. Hapo chini ya lebo ndipo ilipo nafasi yako kama unataka kuweka pesa kwenye domeini, yaani vikoa, majina ya anwani za tovuti. Wenye biashara wanakua, wengine wameshaanza kuuza nje, lakini mtandaoni hawana jina. Swali ni ushike mapema jina lenye kiishio gani, yaani ile sehemu ya mwisho baada ya nukta kama .com au .co.tz.

Kwanza hesabu. Domeini hununui moja kwa moja, unapanga tu kama fremu ya duka: kodi ikiisha usipolipa, mwenye nyumba anaweka mwingine. Wazoefu wa biashara hii hukisia kuwa katika majina 100, linalouzwa kwa mwaka ni moja au mawili. Ukiwa na majina 100 yanayohuishwa, yaani kulipiwa tena kila mwaka, kwa dola 12 kila moja, hayo mawili lazima kwanza yarudishe dola 1,200 ndipo tuongelee faida. Yakiwa ya dola 35, deni ni dola 3,500, na linarudi kila mwaka. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa vigezo viwili: bei ya kuhuisha, na kama mnunuzi ni mtu unayeweza kumfikia.

1. .co.tz na ndugu zake

Najua wataalamu wa nje watacheka. Huwezi kuuza .co.tz kwa mamilioni ya dola, na kwenye minada ya kimataifa hakuna anayeiulizia. Lakini mnunuzi wake yuko Nyegezi, Igoma au Buhongwa, unapanda daladala unakwenda kumwona. Bei mnaongea kwa shilingi, na wasajili wengi wa hapa nchini, yaani kampuni zinazouza domeini, wanapokea malipo kwa simu, kwa hiyo dola ikipanda hukosi usingizi.

Tafuta majina ya bidhaa na huduma: mabondo, dagaa, sato wa vizimba, usafiri wa kwenda Ukerewe. Watu wengi hawajui kwamba chini ya .tz kuna pia .hotel.tz, kiishio maalumu kabisa ambacho hakikulazimu kwenda Ulaya kukitafuta. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayekwenda Sengerema au Geita hasubiri tena kivuko. Nyumba za wageni zitafuata barabara hiyo, na zitahitaji majina.

Onyo moja: usisajili jina la kampuni ya mtu ukamngoje mlangoni. Huo si uwekezaji, na akipeleka malalamiko jina linaweza kuchukuliwa. Kwa .com na viishio vya aina yake utaratibu wa migogoro, UDRP, upo tangu 1999. Kwa .tz msimamizi ni TCRA. Kabla ya kununua, muulize msajili wako umiliki unahamishwaje kwenda kwa mtu mwingine, maana siku ya kuuza ndiyo utakayohitaji jibu hilo.

2. .com

Ya kwanza kabisa ilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985, na tangu hapo maneno mafupi ya Kiingereza yamekwisha. Ya Kiswahili yenye maneno mawili bado yapo, na hiyo ndiyo faida yetu. Bei ya jumla ambayo Verisign, kampuni inayoendesha .com, huwatoza wasajili ina ukomo wa kimkataba, haiwezi kuruka usiku mmoja. Halafu kuna jambo la kawaida sana: mtaje mteja jina lolote kwenye simu, atamalizia mwenyewe na dot com. Nafasi ya pili tu, kwa sababu mnunuzi wako anaweza kuwa popote na hutajua pa kumtafutia.

3. .africa

Ilifunguliwa kwa umma Julai 2017 baada ya mgogoro wa miaka, na inaendeshwa kutoka Afrika Kusini. Inamfaa mwenye kampuni ya utalii inayogusa nchi mbili tatu. Chukua chache.

4. .fish, .coffee, .gold

Hapa ndipo mtu wa Kanda ya Ziwa anapopata tamaa, na ninaielewa. Samaki tunao, kahawa iko Kagera, dhahabu iko Geita. Ila fikiria mnunuzi. Mchuuzi wa Kirumba hajui kama .fish ipo, na mwagizaji wa minofu kule Ulaya hamjui sangara kwa jina hilo. Jina na kiishio lazima vimlenge mtu mmoja.

Tatizo kubwa zaidi ni bei. Viishio hivi vipya havina ukomo wa bei kama .com. Mwaka 2017 Uniregistry, kampuni iliyokuwa ikiendesha baadhi ya viishio vipya, ilipandisha bei za baadhi yake kiasi kwamba msajili mkubwa GoDaddy aliacha kuviuza. Tena majina mazuri huwekwa daraja la juu la bei, na baadhi yake hutozwa bei hiyo kila mwaka. Kwenye ukurasa wa malipo tarakimu kubwa ni ya mwaka wa kwanza. Ya kuhuisha imeandikwa chini, kwa kijivu. Isome hiyo ya kijivu.

Ukishika jina zuri kweli, unaruhusiwa kulihuisha hadi miaka 10 mbele kwa bei ya sasa. Rejista, yaani kampuni inayoendesha kiishio, ikitangaza kupandisha bei, lipa kabla.

5. .ai na .io

.ai ni ya kisiwa cha Anguilla, na lazima ulipie miaka miwili kwa mpigo. Soko lipo, lakini unashindana na watu wenye mitaji mikubwa. .io ni ya eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, visiwa vya Chagos, ambavyo Uingereza imetia saini mkataba wa kuvikabidhi Mauritius. Kiishio cha nchi hutegemea nchi: Zaire ilipobadili jina mwaka 1997, .zr nayo ikaondolewa na .cd ikashika nafasi yake.

6. Za bure na za bei ya chee

Achana nazo. Gabon ilipochukua tena usimamizi wa .ga mwaka 2023, mamilioni ya majina yaliyokuwa yakigawiwa bure yalifutwa. Na .xyz ya dola mbili mwaka wa kwanza, kabla hujaweka kadi, itafute bei yake ya mwaka wa pili.